Tuhesabu makontena yanayorudi pwani yakiwa yamejaa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie bandari, ingawa tunaandika kutoka Dodoma, zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini. Kila habari za bandari zinapochapishwa, kipimo huwa kimoja: makontena mangapi yameshushwa mwaka huu, na yamezidi ya mwaka jana kwa asilimia ngapi. Kwa sisi tunaofanya kazi ya forodha na usafirishaji wa mizigo kanda ya kati, kipimo hicho hakitoshi. Anayetaka kujua kwa nini hakitoshi aitazame bandari ya Lomé, nchini Togo, Afrika Magharibi.

Togo ni nchi nyembamba kama utepe. Pwani yake ni kilomita 50 na ushee tu, lakini barabara inayotoka bandarini hadi mpaka wa Burkina Faso ina urefu wa zaidi ya kilomita 600. Kwa sensa ya 2022 nchi hiyo ilikuwa na watu takriban milioni 8. Bandari yake ilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na mwaka 2014 ikaongezewa magati mapya ya makontena yenye kina cha maji kinachozidi mita 15. Kwa kulinganisha, gati namba 1 hadi 7 za Dar es Salaam zilipochimbwa upya zilifikishwa mita 14.5. Kina hicho ndicho kilichoiinua Lomé. Mwaka 2017 ilivuka makontena milioni 1 kwa kipimo cha futi 20, ikazipita bandari za Lagos zinazohudumia nchi yenye watu wengi kuliko zote barani Afrika.

Nchi ya watu milioni 8 inawezaje kuizidi Nigeria? Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya makontena hayo hayavuki kabisa geti la bandari. Meli kubwa inayotoka Asia haina muda wa kuingia bandari moja baada ya nyingine kando ya Ghuba ya Guinea. Inafunga gati Lomé, inashusha kwa pamoja mizigo ya Lagos, Cotonou (Benin), Tema (Ghana) na kwingineko, kisha meli ndogo zinakuja kuigawa. Kontena la aina hiyo, la kwanza kati ya aina nne, huhesabiwa mara mbili: linaposhushwa, na linapopakiwa tena. Bandari inapata malipo ya kreni, ya rubani wa meli, ya tagi (meli ndogo ya kuvuta) na ya kulihifadhi kwa siku chache, na vijana wanaoendesha mitambo wanapata mishahara. Ushuru wa forodha haulipwi Togo. Dereva hapati safari, mwenye gereji hapati tairi la kuziba, mama ntilie wa njiani hauzi sahani hata moja. Na biashara hiyo inahama kwa uamuzi wa kampuni ya meli. Tema ilipofungua gati lake la kina cha mita 16 mwaka 2019, na Abidjan, nchini Ivory Coast, ikafungua la kwake mwaka 2022, kampuni za meli zilipata pengine pa kufunga meli zilezile.

Lipo kontena la pili, la nchi jirani isiyo na bahari. Lomé inahudumia Burkina Faso, Niger na Mali. Kontena hilo linaacha fedha nyingi zaidi, kwa sababu linahitaji wakala, dhamana ya forodha, lakiri (muhuri wa kufungia kontena), lori, mafuta, maegesho na chakula cha dereva. Katika ukanda huo ipo kanuni kwamba theluthi mbili za mzigo wa nchi isiyo na bahari hubebwa na malori ya nchi hiyo yenyewe, na theluthi moja ndiyo ya malori ya nchi yenye bandari. Nia ilikuwa nzuri, lakini matokeo yake ni foleni ya zamu: lori bovu linapata mzigo kwa kuwa zamu yake imefika, na mwenye lori zima hana sababu ya kulitunza zaidi ya pale.

Hasara kubwa ya kontena la jirani ni kwamba hatima yake iko mikononi mwa jirani. Benin, iliyopakana na Togo, inajua uchungu huo. Agosti 2019 Nigeria ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na haikuifungua hadi Desemba 2020. Biashara ya Cotonou iliyozoea kuvuka kwenda Nigeria ikabanwa. Julai 2023 yakatokea mapinduzi Niger, mipaka ikafungwa, na mizigo ya Niger ikakwama Cotonou. Baadhi ya shehena ikahamia Lomé kupitia Burkina Faso, njia ndefu na ya hatari. Togo ilinufaika, lakini kwa bahati ambayo kesho inaweza kuwa ya mwingine.

Kontena la tatu ni la bidhaa zinazotumika ndani ya nchi. Hapa ndipo hazina ya serikali inapokula: ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani. Tangu 2015 nchi za ECOWAS (Jumuiya ya Uchumi ya Afrika Magharibi) zina viwango vitano vya pamoja vya ushuru, kuanzia sifuri hadi asilimia 35, kama sisi wa Afrika Mashariki tulivyo na vyetu. Mwananchi anahudumiwa kwa mapato hayo, na ni yeye anayeyalipa akinunua mchele au betri ya gari.

La nne ndilo tunaloliandikia barua hii: kontena linaloondoka na mali iliyozalishwa nchini. Togo imelitambua hilo. Mwaka 2021 ilizindua eneo la viwanda la Adétikopé, kaskazini mwa Lomé, lenye viwanda, maghala na bandari kavu (uwanja wa makontena ulio mbali na bahari) mahali pamoja, ili pamba na soya vichakatwe kabla ya kufika gatini. Kontena lililoingia na vipuri linaweza kutoka na mali ya mkulima, na gharama ya kulileta hadi pale inakuwa imegawanywa mara mbili.

Bandari ina gharama nyingine ambayo haionekani kwenye taarifa za mapato. Ukuta wa kukinga mawimbi pale Lomé umezuia mchanga ambao mkondo wa bahari huusukuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Upande wa magharibi ufukwe umepanuka. Upande wa mashariki, kuelekea Agbodrafo na Aného, bahari imekula nyumba na barabara, na wanaohama ni watu ambao pengine hawajawahi kumiliki hata kontena moja.

Sasa turudi nyumbani. Togo na Tanganyika zote zilitawaliwa na Wajerumani, lakini reli ziliishia pasipofanana. Reli yetu ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Yao, hata baada ya Wafaransa kuiendeleza, iliishia Blitta, katikati ya nchi, haikufika mpakani. Kwa hiyo mzigo wa Ouagadougou, mji mkuu wa Burkina Faso, unapanda malori na kupita milima ya Alédjo, ambako barabara ya zamani ilipita katikati ya mwamba uliopasuliwa, upana wake ukiruhusu gari moja kwa wakati, hadi ilipojengwa njia ya mchepuko. Wao wana kina cha maji, sisi tuna reli. Na tangu mwaka 2025, pamoja na kuzinduliwa kwa Bandari Kavu ya Kwala mkoani Pwani, reli ya kisasa ya SGR imeanza kubeba mizigo, sio abiria peke yao. Reli hiyo imesanifiwa kubeba tani 35 kwa kila ekseli na treni ya mizigo kukimbia hadi kilomita 120 kwa saa.

Tatizo letu liko kwenye kontena tupu. Mfanyabiashara wa Dodoma, Singida au Manyoni anapoagiza mzigo, mara nyingi kontena linafunguliwa Dar es Salaam, mzigo unahamishiwa kwenye lori na kuletwa huku ukiwa kichele, yaani bila kontena. Sababu si ujinga wake. Kampuni ya meli hudai dhamana ya fedha kabla ya kuruhusu kontena litoke mjini, hutoa siku chache za bure, na kila siku inayozidi ina faini kwa dola. Akilileta Dodoma, nauli ya kulirudisha tupu ni yake. Anaona bora alifungulie hukohuko. Makuli wanauhamisha mzigo, kartoni zinapasuka, vioo vinavunjika, na hesabu ya vipande haifanani na ya orodha.

Upande wa pili wa barabara hiyohiyo, ufuta wa Kondoa, Chemba na Manyoni unashuka Dar es Salaam kwa lori ukiwa kwenye magunia. Unashushwa ghalani, unapimwa upya, unafukizwa dawa, unapakiwa kwenye kontena, kontena linapelekwa bandarini. Gunia moja linashikwa mara nne au tano. Kila linaposhikwa linapungua: linapigwa ndoana, linamwagika, linalowana mvua ikiwa wakati wake. Anayefidia upungufu huo ni mkulima, kwa sababu mnunuzi anayejua kwamba atapoteza njiani huukata kwenye bei anayotaja mnadani.

Tuchukue treni ya mabehewa 30, kila behewa likibeba makontena mawili ya futi 20. Hayo ni makontena 60 yanayopanda kutoka pwani. Yakifika Dodoma na kushushwa mzigo, treni inarudi. Ikirudi na makontena 60 matupu, umeme, mtambo na wafanyakazi vyote vinalipwa na mzigo uliopanda. Ikirudi na ufuta, kila kontena huchukua tani 19 hivi, hivyo ni tani 1,140 kwa safari moja. Ikirudi na choroko au mbaazi, ambazo ni nzito zaidi kwa ujazo, kontena huchukua tani 24, na safari ni tani 1,440. Nauli inaweza kushuka pande zote mbili, kwa maana hakuna safari tupu ya kufidiwa.

Ili hilo litokee, kontena halina budi kupakiwa vizuri hapahapa, na huko ndiko wengi wanakoteleza. Kontena tupu halipokelewi kwa kuangaliwa nje tu. Mtu anaingia ndani, milango yote miwili inafungwa, anasimama gizani dakika moja na kutazama juu na pembeni. Palipo na nuru, hata ya tundu la msumari, maji yatapita. Baada ya hapo anainama na kunusa sakafu: mbao hufyonza dizeli, samaki na dawa, na ufuta huvuta harufu kuliko zao lolote tunalolijua. Mpira wa milango usiwe umekatika. Misumari iliyobaki sakafuni ing'olewe, la sivyo itatoboa safu nzima ya chini ya magunia.

Dodoma usiku wa Juni na Julai kuna baridi kali na mchana jua linawaka. Kontena likifika pwani linakutana na joto lenye unyevunyevu. Mvuke uliomo ndani ya mazao hupanda, hugusa bati la juu likiwa limepoa, na kudondoka kama mvua juu ya magunia. Likifunguliwa baada ya wiki kadhaa baharini, safu ya juu imeota ukungu. Kinga yake ni rahisi lakini haina mbadala: mazao yakauke kwanza (wanunuzi wengi wa ufuta hudai unyevu usiozidi asilimia 8), kuta zipambwe kwa karatasi za kaki hadi juu, na mifuko ya kunyonya unyevu ining'inizwe ubavuni. Magunia yawe ya kilo 50, sawasawa, ili tani 19 ziwe magunia 380 yanayohesabika. Lumbesa haina nafasi humo. Gunia moja la kilo 100 na ushee katikati ya mengine huvuruga mpangilio, huvuruga hesabu, na likidondoka humuumiza kuli.

Mashudu ya alizeti yanahitaji uangalifu wa peke yake, na tunaomba wenye mashine za kukamua wa Singida, Dodoma na Kibaigwa watusikilize hapa. Mashine nyingi za kukamua huacha mafuta mengi ndani ya mashudu. Mashudu yenye mafuta na unyevu hujipasha moto yenyewe, na yakibanwa ndani ya kontena kwa wiki tatu yanaweza kuwaka moto. Ndiyo maana kanuni za kimataifa za usafirishaji baharini zimeyaweka kwenye kundi la mizigo ya hatari. Yakizidi asilimia 10 ya mafuta, au mafuta na unyevu vikijumlishwa vikizidi asilimia 20, masharti huwa makali zaidi. Kampuni ya meli itadai cheti cha maabara chenye vipimo hivyo viwili, na bila cheti kontena halipandi melini hata kama limeshalipiwa kila kitu. Mashudu yapoe kwanza ghalani, yasipakiwe yakiwa na joto la mashine. Na kwa kuwa ni mepesi, kontena la futi 20 hujaa kabla halijafikia uzito wake; la futi 40 linafaa zaidi.

Kisha kuna mizani. Tangu Julai 1, 2016, hakuna kontena linaloruhusiwa kupakiwa melini duniani bila uzito uliothibitishwa. Njia ni mbili: kulipima kontena zima likiwa limejaa, au kupima kila kilichoingia na kujumlisha na uzito wa kontena tupu ulioandikwa mlangoni. Mizani ya barabarani kama ile ya Nala ipo kwa ajili ya kulinda barabara dhidi ya malori yanayozidi tani 56. Kwa kazi yetu inahitajika mizani iliyohakikiwa na yenye hati inayokubaliwa na kampuni za meli, iwe ndani ya uzio wa bandari kavu. Uzito ukikosewa kwa tani mbili tatu, kontena linawekwa kando bandarini, saa ya mwisho ya kupokea mzigo inapita, meli inaondoka, na tarehe iliyoko kwenye mkataba wa mnunuzi inapita nayo.

Kwa hiyo tunachokiomba kwa Dodoma, na eneo la Ihumwa ambako reli inapita linafaa, ni zaidi ya uwanja wa zege na kreni. Kwanza kabisa ni kampuni za meli kukubali kwamba kontena likirudishwa tupu Dodoma limerudi, dhamana iachiliwe na siku zisimame kuhesabiwa pale. Bila hilo, mengine yote ni majengo. Hati ya shehena iandikwe Dodoma kama mahali pa kukabidhiwa mzigo, ili nauli ya reli iwe ndani ya bei moja tangu bandari ya kupakilia. Maofisa wa forodha, wakaguzi wa afya ya mimea na wafukizaji wawe chini ya paa moja na wafanye kazi siku treni inapopakiwa, hata ikiwa Jumapili. Lakiri ikifungwa Dodoma isifunguliwe tena Dar es Salaam ila kwa sababu iliyoandikwa. Maghala ya stakabadhi yaruhusiwe kupakia makontena moja kwa moja baada ya mnada. Plagi za makontena ya baridi ziwepo, hata kama ni chache kwa kuanzia, kwa ajili ya zabibu.

Wapo watakaosema Dar es Salaam iko karibu mno, kwamba kilomita 450 za lori hazihitaji bandari kavu. Kwa mzigo wa haraka wa kontena moja, wanasema kweli. Lori litaendelea kushinda, na hatulipigi vita, kwani wengi wetu tunaishi kwa malori. Lakini malori ya Rwanda na Burundi yanapita hapahapa Dodoma kwenda Singida na Rusumo, barabara ni hiyohiyo moja, na kila tani ya choroko inayohamia kwenye reli inampunguzia mtu foleni ya Gairo na Kibaigwa.

Ufuta na choroko huanza kuingia maghalani Mei na Juni, alizeti ikifuata. Bunge la bajeti hukaa hapa Dodoma kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Wabunge wa mikoa ya Dodoma, Singida na Manyara wanaweza kumuuliza waziri mwenye dhamana swali moja tu kabla ya minada kufunguliwa: msimu huu, kontena tupu la kupakia ufuta litapatikana wapi, na nani atalipia safari yake?

Ni sisi mawakala wa forodha na wasafirishaji wa mizigo,
Dodoma